Mrejesho: Saa ya Smiths niliyoachiwa na marehemu babu

Ndugu zangu, nawashukuru sana kwa majibu yenu. Niliuliza iwapo saa ya mkononi aina ya Smiths De Luxe niliyoachiwa na marehemu babu ina uhusiano wowote na ile aliyoivaa Edmund Hillary alipofika kileleni Everest pamoja na Tenzing Norgay tarehe 29 Mei 1953, nanyi mkanishauri nimpelekee fundi aifungue kabla sijaamini maneno ya mnunuzi yeyote.

Fundi alipoutoa mfuniko wa nyuma, tulisoma kwa lenzi yake kwamba imetengenezwa Uingereza na ina vito 15, yaani vile vijiwe vyekundu vinavyopunguza msuguano mahali ekseli za magurudumu zinapozungukia. Kwa hiyo ni ndugu wa ile ya Hillary, nayo hutiwa ufunguo kwa mkono, ila hii ni ya dukani, si ya msafara. Saa yenyewe ya Hillary imehifadhiwa London, hivyo atakayewaambia anaiuza msimsikilize.

Lililonivutia zaidi ni mafuta. Ya zamani yalikuwa yameganda kama gundi, na fundi akanieleza kuwa baridi kali nayo huyafanya mafuta ya kawaida kuwa mazito hadi saa ikachelewa au kusimama, ndiyo maana saa za wapanda milima na wasafiri wa ncha za dunia zilihitaji mafuta maalumu.

Sasa inatembea vizuri. Uso wake wenye madoa nimekataa usipakwe rangi upya, kama mlivyonisihi.