Udhuru wangu umeandikwa "kisingizio" kwenye muhtasari wa kikao, halafu naambiwa nikate rufaa!

Wakuu, salamu baadaye. Nimetoka kikaoni sasa hivi, mkoba bado uko begani, na nikingoja mpaka kesho nitalainika, kwa hiyo ngoja niandike nikiwa bado natetemeka.

Mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Kila kikoba mjini hapa, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, kina mmoja wa namna yake: mwenyekiti anayekohoa kabla ya kutamka "ajenda", na sanduku la kikundi, ambalo kufuli zake tatu zina funguo kwa watu watatu tofauti, analipapasa kama kitinda mimba wake.

Kikao kilichopita sikwenda. Nakaa Magomeni, tunakutana Kariakoo, katikati kuna bonde la Jangwani. Mtu wa Dar ameshaelewa. Mto Msimbazi umefurika, Barabara ya Morogoro imefungwa, mwendokasi umesimama, askari wanarudisha watu. Nikamwandikia katibu kabla kikao hakijaanza: "Naomba udhuru, Jangwani hapapitiki, hisa yangu natuma kwa simu." Na hisa nikatuma. Katiba yetu inasema mwenye udhuru atoe taarifa mapema. Nilitoa.

Leo sasa. Katibu anasoma muhtasari. Anafika kwangu, sauti inashuka: "Hakuhudhuria, alitoa kisingizio cha mvua."

KISINGIZIO. Mbele ya wanachama wote, mbele ya yule anayenidai, mbele ya mawifi zangu wawili! Katibu kaniambia pembeni baadaye kwamba yeye aliandika "udhuru". Mwenyekiti ndiye aliyekata kwa kalamu nyekundu na kuandika lake juu.

Nikanyoosha mkono kabla muhtasari haujathibitishwa, maana ndiyo saa yake, tukishaingia kwenye yatokanayo na kikao kilichopita imekula kwako. Nikasema kwa adabu, "Mwenyekiti, naomba neno hilo lisahihishwe." Akanitazama juu ya miwani. "Dada, udhuru, kisingizio, si yale yale? Kama hujaridhika, kata rufaa." Watu wakacheka, kicheko ambacho nina hakika Kigamboni kimefika na kivuko kimeyumba.

Yale yale! Kisingizio kimezaliwa na kusingizia. Aliyesingiziwa wizi hakuiba. Basi nikiambiwa nimetoa kisingizio cha mvua, maana yake mvua nimeizulia, Msimbazi nimeuzulia, na wale askari pale nimewachora mimi. Udhuru ni jambo lililopo kweli na limekuzuia kweli. Kesi ikiahirishwa Kisutu, magazeti yanaandika hakimu ana udhuru. Nani amewahi kusoma kwamba hakimu ana kisingizio? Angeandika "sababu" ningemeza, sababu haina upande, inaweza kuwa ya kweli au ya kutungwa. Angeandika "dharura" ningemshukuru. Kati ya maneno yote ya Kiswahili akaliokota lile lenye uongo ndani yake, tena kwa kalamu nyekundu.

Na hiyo rufaa? Rufaa anakata aliyehukumiwa, anaipeleka kwa mkubwa wa aliyemhukumu. Mimi nimehukumiwa lini? Na mkubwa wake ni nani, ikiwa mkutano mkuu anauongoza yeye? Mimi nilipeleka ombi la kusahihisha neno. Mweka hazina, mama mtu mzima ninayemheshimu, akaninong'oneza, "Mwanangu, omba radhi yaishe." Radhi ya nini, mama? Anayeomba radhi ameshakubali amekosa. Nikiomba leo, kile kisingizio nitakuwa nimekithibitisha kwa mdomo wangu.

"Alitoa kisingizio cha mvua." Bado nakisikia. Muhtasari umesainiwa, uko sandukuni, chini ya kufuli tatu. Wajukuu zangu watakuja kuusoma.

Sheikh wa Ilala
Pole dada yangu. Mwenyezi Mungu mwenyewe kwenye funga ya Ramadhani amempa udhuru mgonjwa na msafiri, wafungue, watalipa siku nyingine. Huyo mwenyekiti wenu ni nani asiyepokea udhuru wa mafuriko?

Kondakta Mstaafu
Ungezungukia Daraja la Salenda. Magomeni, Kinondoni, Salenda, mjini. Hapo mwenyekiti namuunga mkono.

Mleta uzi
Salenda siku ya mvua? Watu wote waliorudishwa Jangwani walikuwa wamejazana Salenda! Na shida yangu si njia, ni kalamu nyekundu.

Bwana Hesabu
Maelezo marefu yote haya, faini ni shilingi ngapi?

Mleta uzi
Sijatozwa faini.

Bwana Hesabu
Sasa unalia nini?

Mleta uzi
Faini ningelipa nikasahau. Neno limeandikwa! Nimeitwa mwongo kwa maandishi!

Binti Temeke
Nyie mnalilia muhtasari, njooni muone kisingizio chenyewe kilivyo. Fundi wangu wa cherehani ana sare yangu ya harusi. Kwanza umeme ulikatika. Halafu mashine ikagoma. Leo nimeenda, ananiambia amefiwa na shangazi. Shangazi huyo huyo alikufa mwezi wa pili, wakati wa gauni la dada yangu! Tulimpa na rambirambi!

Sheikh wa Ilala
Nimecheka mpaka nimeamsha watu. Binti, huyo shangazi anakufa kwa zamu.

Karani wa Posta
Afadhali yenu. Mimi bosi wangu namjua na ninyi mnamjua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inanipa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Nampelekea cheti cha daktari chenye muhuri, anakigeuza huku na huku, ananiuliza, "Safari hii umepata kisingizio gani?" Malaria ninayo damuni, yeye anataka niilete mezani aihoji.

Wakili wa Kijiweni
Mleta uzi yuko sahihi kuhusu rufaa, mwenyekiti wake kachemsha. Karani, na wewe, kama umeajiriwa na kampuni binafsi, ukifukuzwa usije ukasema unakata rufaa. Unapeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Ukichelewa, unaleta maombi ya kuongezewa muda, na hapo utatakiwa ueleze kila siku uliyochelewa ilikwendaje. Ukisema "foleni" utarudi nyumbani mapema sana.

Karani wa Posta
Sijafukuzwa, mkuu. Usinitabirie.

Mleta uzi
Jamani, tusiache muhtasari. Kikao kijacho nisimame nilitake neno liondolewe, au nimwandikie barua? Nikiandika barua atasema ni malalamiko, na mimi silalamiki, nadai haki yangu.

Kondakta Mstaafu
Kudai na kulalamika kwa mwenye nyumba wangu ni kitu kimoja. Anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Nikamsihi apokee ya miezi mitatu, kwa unyenyekevu wote, nusura nipige magoti. Akaenda kumwambia mke wangu, "Mumeo kaja kunigombeza." Mtu anasihi, anaambiwa amegombeza!

Bwana Hesabu
Miezi sita una bahati. Mimi Sinza nimeombwa ya mwaka, na dalali kachukua ya mwezi mmoja juu yake.

Karani wa Posta
Dalali wa Sinza? Mrefu, ana pikipiki nyekundu?

Bwana Hesabu
Huyo huyo! Kakupiga na wewe?

Mleta uzi
Mwenyekiti wangu namsemea wapi sasa?

Karani wa Posta
Kanionyesha chumba chenye mtu ndani. Tumegonga, katoka baba kavaa msuli, anauliza sisi ni akina nani. Dalali anasema, "Huyu anahama leo." Yule baba hajui kama anahama!

Binti Temeke
Wakati mnasubiri kuhamishwa, anayemjua fundi mwingine Temeke au Tandika aniambie. Harusi ni Jumamosi na kitambaa nimekinyang'anya kwa nguvu.

Kondakta Mstaafu
Kuna mmoja Tandika karibu na sokoni, mkewe anauza chapati hapo hapo. Kitambaa ni mita ngapi, na mshono unao tayari kwenye simu au unataka achague yeye?