Mrejesho: mkanda wa mapigo ya moyo na sidiria ya michezo

Niliuliza kwa nini mkanda wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo unachubua na namba za mapigo zinarukaruka. Asanteni, tatizo limeisha. Kosa lilikuwa kuubana ndani ya lastiki ya sidiria: ukajikunja, ukasugua. Sasa unakaa chini kidogo ya lastiki, kihisi (kile kifaa kidogo kinachopachikwa kwenye mkanda) katikati ya kifua, na zile sehemu mbili laini za elektrodi, zinazonasa mapigo, zinagusa ngozi tupu. Zilowesheni maji kwanza. Zikiwa kavu, dakika za mwanzo husoma ovyo mpaka jasho litoke. Kazeni kiasi cha mkanda kutoteleza mkivuta pumzi ndefu, basi. Mafuta ya kuzuia mchubuko ni ya kingoni tu, kamwe si chini ya elektrodi. Mkimaliza, chomoeni kihisi (kikibaki kwenye unyevu kinamaliza betri) na msuuze mkanda, maana chumvi ya jasho nayo hukwaruza.