Bastola ndogo ya kubeba kwa mke wangu: nichukue ipi?

BabaNeema, Houston
Habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri wa wenye uzoefu. Mke wangu ni nesi wa zamu ya usiku. Anatoka nyumbani saa kumi na mbili jioni, anarudi saa mbili asubuhi, siku tatu kwa wiki. Mwezi uliopita mwenzake wa kazini alinyang'anywa gari kwenye kituo cha mafuta, na tangu hapo mke wangu anasema anataka bastola. Sote tuna grini kadi na tumevuka miaka 21, na hakuna mwenye kesi yoyote.

Shida ni mikono. Glavu zake za kazini ni saizi ndogo kabisa, na kifundo cha mkono wa kulia kinamuuma tangu ujauzito wa pili. Jumamosi nilimpeleka uwanja wa shabaha na rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ya rafiki yangu, ile nyepesi ya risasi tano, kaliba .38. Alipiga mbili tu, akaiweka mezani, akaniambia, "Hii siitaki tena." Pale kati ya kidole gumba na cha shahada palikuwa pekundu mpaka kesho yake. Na muuzaji alikuwa ameniapia kwamba rivolva ndiyo rahisi kwa wanawake!

Siku yake ya kuzaliwa ni baada ya wiki tatu. Nilitaka nimfungie kama zawadi, asijue. Bajeti dola 450. Tuna watoto wawili, wa miaka 7 na 3.

MamaZuhura, Dallas
Shemeji, nakuomba sana, usimfungie. Mume wangu alinifanyia hivyo hivyo. Aliniletea kibastola kinachoenea kwenye kiganja, kizuri kukitazama, na kikakaa kwenye droo mwaka mzima kwa sababu kila nikikipiga mkono ulikufa ganzi. Kitu usichopenda kukifanyia mazoezi hakitakusaidia usiku wa saa nane.

Mwalimu wangu alinipangia bastola nne mezani akaondoka pembeni. Mimi nikachagua Smith & Wesson Shield EZ ya .380. Si ndogo kuliko zote, lakini kuikoki, yaani kurudisha nyuma kile kipande cha juu kiitwacho slaidi ili risasi iingie, ni kama kufungua chupa ya chai. Mwanzoni nilikuwa navuta slaidi kwa ncha za vidole, nashindwa, naona aibu. Nikafundishwa: ilete bastola karibu na kifua, mdomo unatazama mbele kwenye shabaha, kidole nje ya kifyatulio, ikamate slaidi kwa kiganja kizima, halafu *sukuma* mkono wenye mpini. Usivute. Mwambie ajaribu hivyo kwanza, atashangaa.

Halafu jambo ambalo wanaume hawalifikirii: ataibeba wapi? Suruali ya unesi ina kamba kiunoni, haishiki ala. Mimi navaa mkanda mpana wa kitambaa chini ya sare, na ala yake ni ngumu, imefunika kifyatulio chote. Mkoba siupendi. Mwizi akiupora, bastola ameondoka nayo.

Mzee wa Mikindani, San Antonio
Nafundisha shabaha hapa mwisho wa wiki, na hadithi ya rivolva naisikia kila mwezi. Zile nyepesi zina gramu 410 hivi. Teke la risasi linahitaji uzito wa kulimeza. Uzito usipokuwepo, linamezwa na mkono wa mama. Tena kifyatulio chake kinataka nguvu ya karibu ratili 12, wakati bastola yenyewe haifiki ratili moja. Mwenye kifundo kibovu anatetemesha mtutu kabla risasi haijatoka. Ni silaha nzuri kwa mkono uliozoea. Kwa anayeanza, hapana.

Hiyo EZ ina gramu 525 hivi na inabeba risasi 8. Nyuma ya mpini ina kibonyezo kinachobanwa na kiganja, usipoishika sawasawa hailii. Ajaribu pia SIG P365, inakaribia gramu 500, risasi 10 za milimita 9. Risasi ya .380 ina upana ule ule, ila ganda lake ni la milimita 17 badala ya 19, kwa hiyo baruti ni kidogo na teke ni dogo. Ubaya wake ni kwamba kwa kawaida .380 ni ghali kuliko milimita 9, na mazoezi yanakula risasi.

Sheria sasa. Tangu tarehe 1 Septemba 2021 Texas haidai leseni ya kubeba bastola kwa mwenye miaka 21 asiye na kizuizi cha kisheria, lakini hospitali ni mahali palipokatazwa bila kibali cha maandishi. Kwa kawaida mwajiri hawezi kumkataza kuiacha ndani ya gari lake lililofungwa. Basi muwekee kasha la chuma, lifungwe kwa waya kwenye mguu wa kiti. Na kwa wale watoto: mtoto wa chini ya miaka 17 akiifikia silaha yenye risasi uliyoiacha bila kuifungia, hilo ni kosa la jinai hapa. Juu ya kabati si mahali pa kufichia. Mtoto wa miaka 7 anapanda.

Dada Pendo, Katy
Naongeza moja. Zawadi kwa mke inaruhusiwa, ila kama pesa ni zake, aende akajaze mwenyewe fomu 4473, ile ya serikali kuu ya kununulia silaha dukani, na grini kadi yake mkononi. Usimnunulie kwa pesa yake kwa jina lako. Hilo linawaletea matatizo na serikali kuu.

BabaNeema, Houston
Asanteni sana. Nilimwonyesha majibu yenu yote, tukaenda jana kwenye uwanja unaokodisha. P365 aliipiga risasi sita akasema inavumilika. EZ aliipiga hamsini, na akaikoki mwenyewe kwa kusukuma, kama alivyosema MamaZuhura. Jumatano anakwenda kujaza fomu. Kasha la gari nimeshaagiza, la chumbani tunalifunga ukutani wikiendi hii kabla bastola haijaingia ndani.

MamaZuhura, anauliza huo mkanda wa kitambaa unavaa juu ya nyonga au kiunoni kabisa? Anasema akiinama kuingia garini anaogopa utapanda.