Re: Majirani zetu Wabengali, yale maandishi yao mtu aanzie wapi?

Kutoka: Mama Ridhiwan, Poplar

Asalam aleikum ndugu zangu. Nna swali la kimaisha. Tumehamia huku Poplar, London mashariki, toka Coventry, huu mwezi wa pili, na jengo letu karibu nyumba zote ni Wabengali, watu wazuri mno, wiki ya kwanza tu nishagongewa mlango naletewa sahani ya wali. Ridhiwan darasani kwao wenzake wengi wanaongea Kibengali na kashaanza kurudi na maneno. Mimi nimepata kazi ya kea, ntakuwa nahudumia wazee majumbani, na msimamizi kanambia kwenye njia yangu kuna wazee kibao Kiingereza hawakijui. Sasa yale maandishi yao nikiyatazama sioni pa kushika. Kuna aliyejifunza humu? Mtu mzima anayefanya shifti anaweza kweli?

---

Kutoka: Mama Nasra, Mile End

Waaleikum salaam mdogo wangu, karibu mashariki. Unaweza, tena vizuri tu. Mimi nna miaka 11 kwenye kazi hiyohiyo na nimeanza nikiwa na watoto watatu wadogo, kwa hiyo usiogope.

Ila kabla ya herufi nataka nikwambie jambo moja maana hili limenikaa rohoni. Wabengali wa huku London wengi asili yao ni Sylhet, kaskazini mashariki ya Bangladesh, na nyumbani wanaongea Kisylheti. Sio kitu kimoja na Kibengali kinachosomeshwa shule, mtu wa Dhaka na bibi wa kijijini Sylhet wanaweza wasielewane vizuri. Sylhet walikuwa hata na maandishi yao wenyewe, Sylheti Nagri, sa hivi wanaoyajua ni wachache. Nilikuwa na bibi mmoja namhudumia, wajukuu wanamwita Nani, kwao nani ni bibi mzaa mama, na kila wakimwita mi nageuka nikidhani wanauliza mtu. Siku moja naondoa sinia juu ya kabati nakuta barua ya kliniki, imeandikwa Kibengali safi kabisa, imekunjwa mara nne. Ilikuwa ya miadi ya macho na tarehe ilishapita wiki tatu. Walioandika walijiona wamemjali, wamemwandikia kwa lugha yake, kumbe Nani hajakanyaga shule hata siku moja, haisomi hiyo barua, na mjukuu anayekaa naye anasoma Kiingereza tu. Simu moja kwa Kisylheti ingetosha. Jicho lile la kushoto sa hivi anaona ukungu. Kwa hiyo ukipewa mzee mpya uliza mambo mawili: anaongea Kisylheti au Kibengali cha kawaida, na je, anasoma mwenyewe au asomewe. Waulize watu wa nyumbani, usikisie, na waambie ofisini kwenu waandike kwenye faili.

Haya, herufi. Yale maneno yametundikwa kwenye mstari wa juu kama pweza kwenye kamba, ule mstari unaitwa matra, ukishajua kwamba ni kamba tu macho yako yataanza kuona vinavyoning'inia. Yanakwenda kushoto kulia, hakuna herufi kubwa na ndogo, na nukta ya mwisho wa sentensi ni kijiti kilichosimama hivi ।. Kwa hesabu ya shule ni vokali 11 na konsonanti 39, usijaribu kumeza zote, mi nilijaribu na ubao wa ukutani nikaacha baada ya wiki mbili. Nenda dukani. Duka wanaita dokan, na utaliona limeandikwa দোকান. Maduka yao mengi bei wanaandika kwa mkono kwenye vikadi, na mfuko wa sukari utakuta চিনি. Unajua inasomwaje? Chini! Chini hii hii yetu, kwao ndo sukari. Sasa itazame kwa karibu, kile kijiti chenye kofia kinachotangulia ndo "i", imeandikwa kabla ya "ch" lakini inatamkwa baada yake, halafu tena kabla ya "n". Jicho linaona i-ch-i-n, mdomo unasema chini. "E" nayo inatangulia vilevile, mafuta ya kupikia তেল unasoma tel. Na "o" inakaa pande zote mbili, irudie ile দোকান uone "d" ilivyokumbatiwa. Hapo ndo penye ugumu wote kwa mtu wa kwetu, ukishapapita mengine ni mazoezi.

Waliosoma chuo cha Kurani utotoni wana faida kubwa. Tunajua tangu hapo nukta moja inabadilisha herufi, na hawa vilevile, ব ni "b", itie nukta chini র imekuwa "r". Halafu konsonanti ikikaa peke yake inabeba sauti kama "o" ndani yake bila kuandikwa, na mwisho wa neno mara nyingi hiyo sauti inaanguka. Kalamu wanaandika কলম, herufi tatu tu, k-l-m, unasoma kolom. Si ndo qalam ya mwalimu wetu wa chuoni! Mi nilipoiona hiyo nililia jamani, sijui kwa nini, nilikuwa nimekaa kituo cha basi.

Maneno kama hayo yako mengi maana wote tumekaa kwenye bahari moja tunapokea kwa Waarabu, Waajemi na Wahindi. Dunia ni duniya, habari khobor, hesabu hisab, faida fayda, rangi rong, gari ni gari, daktari ni daktar, bima ni bima, laki ni lakh na ni elfu mia moja ileile. Na kama sisi hawana yeye wa kike na yeye wa kiume, she na he inawachanganya kama inavyotuchanganya sisi.

Lakini kuwa makini na "na". Kwao "na" ni hapana, na mara nyingi inakuja mwisho. Mama mmoja wa Dhaka nilikuwa namlisha akasema "khabo na", mi nikasubiri, na nini? Nikasogeza kijiko tena. Akarudia kwa sauti ya chini, khabo na. Alikuwa anasema sitakula. Mzee akikwambia hivyo weka kijiko.

Heshima wanaijali kama sisi. Wewe ziko tatu, apni ya mkubwa na usiyemzoea, tumi ya wa rika lako, tui ya mtoto au rafiki wa kushibana, usimwambie mzee tui hata kwa bahati mbaya. Salamu ni asalam aleikum hii hii, halafu kwa Kisylheti ongeza "bala ni?", u mzima, utaona uso unavyofunguka.

---

Kutoka: Salum, Muscat

Shikamoo dada Mama Nasra. Naomba niongezee la tarakimu, sisi huku Oman Wabengali tunafanya nao kazi kila siku na hapa ndo panauma. Tarakimu zao ni hizi: ০ ১ ২ ৩ ৪ ৫ ৬ ৭ ৮ ৯. Tazameni ya nne na ya saba. Nne yao ৪ ni kama nane ya Kizungu, saba yao ৭ ni kama tisa. Fundi wangu wa vigae, mtu mwaminifu sana, alinipimia nyumba akaniandikia kwenye kipande cha boksi ৭৪ nikaenda dukani nikanunua maboksi 98. Alitaka 74. Maboksi 24 zaidi na duka likakubali kurudisha 10 tu. Kosa langu, sikumuuliza, na mimi hapa nimezoea tarakimu za Kiarabu na za Kizungu nikajiona najua zote. Tangu siku ile kila namba iliyoandikwa kwa mkono tunaisoma pamoja kwa sauti. Na wewe mdogo wangu wa Poplar kwenye dawa za wazee ndo usicheze kabisa, mtoto akimwandikia mama yake kwenye kopo mara ngapi kwa siku, hiyo ৪ ni nne.

---

Kutoka: Idi, Ilford

Heshima kwenu wakubwa. Mi naona sa hivi simu inasoma kila kitu, unaelekeza kamera inakutafsiria, kuna haja gani ya mtu kuumiza kichwa?

---

Kutoka: Mama Nasra, Mile End

Marahaba Salum, hilo la dawa ni kweli tupu na nilisahau kulisema. Idi mwanangu, kamera inasoma vizuri kilichopigwa chapa, mwandiko wa mkono wa baba mtu mwenye haraka inakwama, na mimi nikiwa nimemshika mzee kwapani namtoa kitandani simu naishika na mkono gani? Halafu kuna kingine. Nenda pale Whitechapel, tangu 2022 jina la stesheni limeandikwa na Kibengali pia, হোয়াইটচ্যাপেল, na mtaa wetu huu wa Tower Hamlets kwa sensa ya 2021 zaidi ya theluthi ya watu ni wa asili ya Bangladesh. Tembea kidogo utafika bustani ya Altab Ali, kijana mshonaji aliyeuawa pale karibu na wabaguzi mwaka 1978, na ndani yake kuna mfano wa Shaheed Minar. Mnara wenyewe uko Dhaka, wa wale waliopigwa risasi tarehe 21 Februari 1952 walipoandamana, wakati huo Bangladesh bado ni sehemu ya Pakistan, serikali ya Pakistan inataka Kiurdu kiwe lugha pekee ya taifa na wao wanasema na Kibengali kiwemo. Watu walikufa kwa ajili ya hizo herufi. Ndo siku ambayo UNESCO iliifanya siku ya lugha ya mama duniani mwaka 1999. Sisi Kiswahili tumepewa 7 Julai bila mtu kumwaga damu, tushukuru. Kila Februari majirani wanakwenda pale na maua, nimeshakwenda nao mara nne, na yule mama wa Dhaka nilipomwandikia jina lake kwenye kadi kwa mkono wangu, vibaya vibaya, aliiweka kwenye fremu. Kamera haiwezi kukufanyia hiyo.

---

Kutoka: Mama Ridhiwan, Poplar

Allah awalipe nyote. Leo nimekwenda dukani nimesimama mbele ya rafu nimesoma চিনি na তেল peke yangu, na mwenye duka alivyoniona nasoma kaniita apa, yaani dada, kaniandikia na chumvi, লবণ, nikamsomea lobon. Na kesho naanza kwa mzee wa kwanza, nimepiga simu ofisini nimeuliza, ni Kisylheti na hasomi. Faili lilikuwa limeandikwa Kibengali, wamelibadilisha.

Sasa kwenye ngazi hapa kuna karatasi ya darasa la watoto la Jumamosi, neno la kwanza limeandikwa শিক্ষা. Nimepata "sh" na ile "i" inayotangulia, na mwisho "a", lakini pale katikati pana kitu kimejikunja sikijui.

---

Kutoka: Mama Nasra, Mile End

Hiyo ক্ষ ni herufi mbili zimeungana, ক na ষ, ziko nyingi za namna hiyo na hazifanani kila mara na wazazi wake, hizo unazijua moja moja kadiri unavyokutana nazo. Hapo inatamkwa kkh. Shikkha. Elimu. Mwandikishe Ridhiwan na wewe ukae nyuma, mi nilifanya hivyo kwa Nasra na mwalimu hakunifukuza.