MJADALA: Kupitia LinkedList kwa get(i) kukatazwe darasani au kuachwe tu?

Mleta mada:
Wakuu hili naomba tulijadili kwa uwazi kabisa. Wanaojifunza lugha ya programu ya Java wengi wanapita njia ileile, wanaanza na array (safu ya nafasi zenye namba), wanazoea lupu ya int i = 0, halafu wakifika kwenye LinkedList (listi ya elementi zilizounganishwa moja kwa nyingine) wanahamisha lupu ileile wanaandika list.get(i), yaani nipe elementi ya nafasi i, majibu yanatoka sahihi, mwalimu anaweka vema, yameisha. Mimi nasema hapana, hiyo kazi irudishwe ikarekebishwe.

Sababu ni kwamba LinkedList ndani yake hakuna indeksi, yaani namba ya nafasi. Kila nodi, kisanduku kinachobeba elementi moja, inajua vitu vitatu tu, data yake, nodi inayofuata na nodi iliyotangulia. Ukiomba get(5000) hairuki kwenda pale, inatembea nodi kwa nodi hadi ifike. Ni kweli inaangalia kwanza kama uko nusu ya mwanzo au ya mwisho ili ianzie upande wa karibu, lakini bado inatembea, na mbaya zaidi ikishakupa jibu haikumbuki ilipokuwa, get(5001) inaanza safari upya. Kwa elementi 100,000 lupu nzima inakula hatua kama bilioni 2.5, itereta, yaani kitu kinachopita listi elementi moja baada ya nyingine, inamaliza kwa hatua 100,000 kwa sababu yenyewe inabaki imeshikilia nodi iliyopo. Na for-each, lupu inayokupa kila elementi bila kutaja namba, tunayo tangu Java 5 mwaka 2004, kompaila yenyewe inaigeuza kuwa itereta, sasa shida iko wapi?

Mchangiaji:
Mkuu naomba nitofautiane na wewe. Mtu anayeanza anahitaji kuona kinachotokea, i inaanza sifuri, inaongezeka, inaishia kwenye size (idadi ya elementi), yote yako mbele ya macho yake. For-each inamficha hayo yote. Na listi ya elementi 50 nani ataona tofauti ya spidi? Kingine, akijaribu kufuta elementi ndani ya for-each anatupiwa ConcurrentModificationException (kosa la listi kubadilishwa wakati inapitiwa) hajui hata imetokea wapi, wakati kwa indeksi anaandika remove(i) programu inaendelea vizuri.

Mleta mada:
Hapo kwenye "inaendelea vizuri" ndipo napopaogopa mimi. Ukifuta ya 3, iliyokuwa ya 4 inashuka inakuwa ya 3, lupu yako inaenda 4, kuna elementi imerukwa haijakaguliwa na hakuna kosa lolote limetokea kwenye skrini. Afadhali eksepsheni inayopiga kelele. Na hata hiyo eksepsheni usiitegemee sana, kwenye for-each ukifuta elementi ya pili kutoka mwisho, hasNext(), swali la itereta kama kuna elementi nyingine, inalinganisha ilipofika na size ambayo tayari imepungua, inasema hakuna tena, lupu inaisha kimyakimya na ya mwisho haijaguswa. Kwa hiyo siku ya kufundisha for-each ndiyo siku hiyohiyo ya kufundisha it.remove(), kufuta kupitia itereta yenyewe, na removeIf, kufuta zote zinazotimiza sharti, kwa walio Java 8 kuendelea. Anayehitaji namba ya nafasi kuna listIterator(), ina nextIndex() na inaweza hata kurudi nyuma.

Suala la listi ndogo nakubali, kwa elementi 50 hauoni kitu. Lakini mazoea yanayojengwa kwenye 50 ndiyo yanayoenda kwenye laki.

Mchangiaji mwingine:
Nyie mnagombania lupu wakati kinachopaswa kuulizwa ni LinkedList yenyewe. Joshua Bloch aliyeiandika alisema mwenyewe Twitter mwaka 2015 kwamba haitumii. Kwenye JVM (programu inayoendesha kodi ya Java) ya biti 64 kwa seti za kawaida kila nodi ni baiti 24 kabla hujahesabu data, ArrayList, listi inayotumia array ndani yake, nafasi moja ni baiti 4, tena nodi zimetawanyika kwenye memori prosesa inahangaika kuzifuata hata ukitumia itereta. Unataka foleni, ArrayDeque ipo tangu Java 6. Fundisheni ArrayList, na get(i) itakuwa halali, mjadala umeisha.

Mleta mada:
Haujaisha mkuu. Kwenye kodi yangu naweza kuchagua ArrayList, sawa, hapo tuko pamoja. Ila metodi inayopokea List, aina ya jumla inayobeba ArrayList na LinkedList zote, haijui imeletewa listi ya aina gani, anayeiita ndiye anayejua. Leo nimeijaribu na ArrayList inapaa, kesho mwenzangu anaipa LinkedList ya elementi laki moja programu inaganda na hakuna mstari hata mmoja uliobadilika kwenye metodi yangu. Watengenezaji wa Java walilijua hili ndiyo maana toka Java 1.4 kuna RandomAccess, alama kwamba listi inafika haraka kwenye indeksi yoyote, ArrayList inayo na LinkedList haina, kodi iweze kuuliza kwanza kabla ya kutumia indeksi. Anayetumia for-each hana haja ya kuuliza, kwa zote mbili ni mzunguko mmoja tu. Sasa wanaotetea get(i) naomba mnijibu hapo tu, ndani ya metodi inayopokea List, kama kazi ni kupita elementi zote mwanzo hadi mwisho, get(i) inampa nini mwanafunzi ambacho for-each haimpi?