Kumbi za sanaa, mfumo mmenunua ila ratiba hamjaisafisha: vipeperushi vinatoka na saa za uongo

Wakuu, habari za majukumu.

Uzi huu ni wa wanaoendesha kumbi za muziki, tamthilia na ngoma, pamoja na mafundi wanaowauzia mifumo ya "kipeperushi kinajitengeneza chenyewe". Inakera mno. Mnaunganisha jedwali la Excel na kiolezo cha InDesign (programu ya kupanga kurasa), mnabonyeza, PDF ya kurasa 16 inatoka ndani ya dakika chache, halafu hakuna hata mmoja anayeisoma. Inaenda kwenye pleti, yaani bamba la kuchapia, hivyo hivyo. Watu wakifika ukumbini wakakuta mlango umefungwa, lawama anatupiwa mchapaji.

Nianze na saa, maana hapo ndipo mnapowaumiza watazamaji. Karani wa ukumbi anaandika "1:00" akimaanisha saa moja usiku. Excel haijui Kiswahili. Kwake hiyo ni saa saba usiku, na upande wa Kiingereza wa kipeperushi unachapwa 1:00 AM. Onesho la watoto la saa nne asubuhi linatoka 4:00 AM, yaani saa kumi alfajiri, kabla hata ya adhana. Mgeni aliyelipia tiketi akiwa hotelini atajuaje?

Dawa yake ni fomula moja tu. Kolamu ya saa iandikwe kwa mtindo wa saa 24 pekee: 19:00, 10:00, 16:30. Kolamu ya pili itoe saa ya Kiswahili yenyewe: =MOD(HOUR(C2)-6,12), ambapo C2 ni seli ya saa 24, na jibu likiwa 0 lisomeke 12. Hapo 19:00 inatoa 1, 10:00 inatoa 4, 18:00 inatoa 12. Dakika zinabaki zilivyo. Maneno ya asubuhi, mchana, jioni na usiku nayo yatolewe kwa fomula kufuata hiyo hiyo saa 24, yasichapwe kwa mkono. Karani asiruhusiwe kugusa kolamu hiyo ya pili, ifungeni.

Tarehe nazo ni balaa. Kompyuta nyingi zinakuja zimewekewa mpangilio wa Marekani, mwezi unatangulia siku. Ukiandika 04/09/2026 ukimaanisha Septemba 4, Excel inaelewa Aprili 9. Ukiandika 25/09/2026 inashindwa kwa sababu hakuna mwezi wa 25, basi inaiacha kama maneno ya kawaida. Matokeo yake ni kwamba tarehe 1 hadi 12 zinageuka, 13 kuendelea zinabaki zilivyoandikwa, na ukipanga kwa mfuatano maonesho yanachanganyika kama karata. Kosa halionekani haraka kwa sababu nusu ya ratiba iko sawa. Andikeni 2026-09-04, mwaka mbele. Jina la siku lisiandikwe na mtu, lipatikane kutoka seli ya tarehe, A2, kwa =CHOOSE(WEEKDAY(A2),"Jumapili","Jumatatu","Jumanne","Jumatano","Alhamisi","Ijumaa","Jumamosi"). Siku isipolingana na ile aliyosema msanii kwenye mkataba, mtaishtukia hapo hapo.

Na kwa Idd, tafadhali, msiache kalenda ya kompyuta iwaamulie. Idd inasubiri mwezi uandame. Taarabu ya Idd Mosi iandikwe "Idd Mosi", na tarehe ya pili inayowezekana itajwe kabisa.

Mengine ni ya kuhifadhi faili. Mkihifadhi jedwali kama CSV UTF-8 (CSV ni faili la maandishi linalotenganisha kolamu kwa koma), halafu mfumo ukaisoma kwa usimbaji mwingine, yaani namna nyingine ya kutafsiri herufi, "Ng’ombe" inatoka "Ngâ€™ombe". Takataka hiyo ikichapwa kwenye jina la kikundi cha ngoma, ni aibu ya kikundi kizima. Namba ya simu inayoanza na 0 inapoteza sifuri, kwa hiyo kolamu ya simu iwekwe kuwa maandishi kabla ya kuandika chochote. Bei ya 10,000 nayo: kuna mifumo ya kienyeji inayokata mstari kila ikiona koma, basi tiketi inauzwa shilingi 10 na zile 000 zinahamia kwenye kolamu ya simu. Andikeni 10000, koma iongezwe na kiolezo.

Sasa ninyi mafundi. Kiolezo chenu kina visanduku vya ukubwa mmoja kwa kila onesho, eti kila msanii ana maelezo ya maneno 40. Likija la maneno 90, yaliyozidi yanajificha. InDesign inaonesha alama nyekundu ya kujumlisha kwenye kona ya kisanduku, na ina onyo wakati wa kutoa PDF, lakini skripti zenu, zile amri za kuiendesha InDesign yenyewe, zimezima onyo! Kinachopotea ni kile kilichokaa mwisho, na mwisho mmeweka bei na namba ya kukata tiketi. Pandisheni bei, saa na simu juu, maelezo yakae chini. Jedwalini wekeni =LEN(F2), inayohesabu herufi za maelezo, na rangi nyekundu herufi zikipita kikomo cha kisanduku, ili karani apunguze maneno kabla faili halijafika kwenu.

Picha: msikubali kutumiwa WhatsApp kama picha, inabanwa. Itumwe kama dokumenti. Kwa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi, picha ya pikseli 1,200 kwa upana inatosha takriban sentimita 10, si jalada zima. Na kolamu inayoieleza InDesign faili la picha lilipo lazima jina lake lianze na @. Excel ikiikataa, tanguliza alama ya kibainishi: '@picha.

Mkunjo wa sehemu tatu nao mnauharibu. A4 ina milimita 297, mnagawa 99 mara tatu, kisha bawa linaloingia ndani linagonga mkunjo na kupinda. Gaweni 100, 100 na 97, na upande wa nyuma mpangilio ugeuke kama kwenye kioo. Wekeni ziada ya milimita 3 kila upande kwa ajili ya kisu. Maandishi meusi yawe wino mweusi peke yake, siyo mchanganyiko wa rangi nne, la sivyo herufi ndogo zitatoka na kivuli.

NYONGEZA: Mkuu uliyeuliza hapo chini kama basi turudi kupanga kwa mkono, hapana. Ukumbi wenye maonesho 60 kwa msimu utakufa kwa mkono. Ninachodai ni nakala moja ya karatasi kabla ya pleti. Watu wawili wakae nayo, mmoja ashike mkataba wa msanii na kusoma kwa sauti siku, tarehe, saa, bei, simu. Mwingine aweke tiki kwa kalamu. Wote wawili wasaini. Faili lisilo na saini hizo, mchapaji alirudishe.