Picha za vioo vya rangi na watoto wa PP2: tishu inamwaga rangi, karatasi inajikunja

Mwalimu_Kondele (Kisumu)

Habari zenu walimu. Nataka watoto wa PP2 (mwaka wa pili wa shule ya awali), wako 32, watengeneze picha zinazofanana na vile vioo vya rangi vya kanisani, tuzitundike dirishani. Nina manila nyeusi, karatasi za tishu za rangi, gundi nyeupe na makasi 10 ya ncha butu. Kwenye sampuli za majaribio, nyekundu inaingia kwenye manjano mpaka yote yanakuwa ya machungwa, karatasi ikikauka inajikunja kama jani kavu, na ile mistari myeusi ya katikati inakatika ikishikwa tu. Nifanyeje? Na je, kuna gundi ya kujipikia? Ya dukani haitatosha darasa zima.

SanaaMikononi (Nakuru)

Mwalimu, rangi kuchuja na karatasi kujikunja zina chanzo kimoja: maji.

Rangi ya tishu haijashika sana, ikilowa inaachia. Changanya vijiko 2 vya gundi na kijiko 1 cha maji, usizidishe. Mtoto apake gundi pale anapobandika, asipake tishu yenyewe. Aweke kipande juu, akibonyeze kwa kidole kikavu, aende kwa kingine. Wengi hupitisha brashi tena juu ili picha ing'ae, na hapo ndipo nyekundu inapohama. Kung'arisha kungoje kesho yake, brashi ipite mara moja tu, isisuguliwe. Halafu angalia karatasi zako vizuri: ile yenye mikunjo midogo midogo, inayonyumbuka ukiivuta, ni krepu. Hiyo inamwaga rangi kuliko zote, iweke kwa maua.

Karatasi hujikunja kwa sababu upande mmoja umelowa, nyuzi zake zimevimba, kisha zinasinyaa wakati wa kukauka na kuvuta upande huo. Kwa hiyo usibandike juu ya karatasi. Bandika juu ya plastiki angavu. Majuala yalipigwa marufuku tangu 2017, lakini plastiki ya kufunikia vitabu bado inauzwa kwa mita. Ile isiyo na gundi ndiyo unayotaka. Kata kipande kikubwa kidogo kuliko picha, kishike kwa selotepu pembe nne juu ya meza, watoto wajaze tishu wakipandanisha kingo kama nusu sentimita. Nakuru hukauka usiku mmoja. Kisumu wakati wa masika acha siku mbili, ukibandua mapema inararuka. Anza pembeni, vuta polepole, itatoka kama ngozi moja. Hiyo ndiyo unayoigundisha nyuma ya fremu ya manila.

Kuhusu mistari: katika vioo halisi, kama vya kanisa kuu la Chartres kule Ufaransa, mistari ile ni madini ya risasi yanayoshikilia vipande vya kioo. Kazi yake ni kubeba, wala si pambo, na kwenye manila ni hivyo hivyo. Kwa watoto wa umri huo, mstari usipungue sentimita 1 na nusu, na matundu yasizidi sita. Fremu ukate wewe. Kunja manila katikati kwa urefu, kisha kwenye mkunjo kata nusu ya kichwa cha ngege, nusu za vipande viwili vya mwili, na nusu ya mkia, ukiacha ule upana kati ya tundu na tundu. Ukikunjua unapata samaki mzima, na watoto wa Kisumu hawahitaji kuambiwa ni nini.

Hesabu: tishu ya sentimita 50 kwa 70 inatoa miraba 368 ya sentimita 3. Mtoto mmoja anatumia kama 50 kwa picha ya nusu ya A4, kwa hiyo watoto 32 ni 1,600. Karatasi tano, za rangi tano, zinatosha na kubaki kidogo. Ikate wewe vipande virefu, wao waichane kwa vidole. Kingo zilizochanwa hulala vizuri kuliko zilizokatwa, na foleni ya makasi inaisha.

Wanga_Busia

Gundi ya kupika ipo, ila usitumie unga wa ngano, ukikauka unaacha ukungu mweupe na mwanga haupiti vizuri. Tumia wanga wa muhogo. Unga wa muhogo wa posho mill haufai pia, una nyuzi. Menya muhogo, ukwangue, uuchanganye na maji, uchuje kwa kitambaa, uache maji yatulie saa mbili, kisha umwage maji taratibu. Ule mweupe uliotua chini ndio wanga.

Vijiko vikubwa 2 vya wanga, koroga kwenye nusu kikombe cha maji baridi. Mimina kwenye kikombe kimoja na nusu cha maji yanayochemka, ukikoroga bila kupumzika, mpaka weupe utoweke na uone kitu kama ute wa yai. Ukimimina wanga mkavu kwenye maji moto utapata madonge tu. Inatosha watoto 32, kijiko kikubwa kimoja kila mmoja. Pika asubuhi ya kazi; kwa joto la Kisumu siku ya pili huanza kuchacha.

SanaaMikononi (Nakuru)

Naongeza jambo moja kabla mwalimu hajaunganisha majibu haya mawili: gundi ya wanga haishiki plastiki. Ikikauka inabanduka kama magamba. Ukitumia wanga, bandika kwenye karatasi ya kunakilia ramani, na picha ikiwa karibu kukauka iweke chini ya vitabu vizito usiku kucha, karatasi kavu juu na chini, isijikunje. Na kwa kuwa wanga una maji mengi, usiweke nyekundu jirani na manjano. Pia tabaka mbili za tishu zinatosha: manjano juu ya buluu ni kijani kizuri, lakini nyekundu juu ya kijani ni tope.

Krayoni_Kakamega

Kuna njia isiyohitaji gundi wala tishu. Karatasi nyeupe nyembamba, mtoto achore kwa krayoni za nta akikandamiza sana, asiache weupe, mistari iwe ya krayoni nyeusi. Igeuze, paka mgongo wake mafuta ya kupikia ya maji kwa pamba. Nusu kijiko cha chai kinatosha A4 nzima. Mafuta yanajaza nafasi za hewa kati ya nyuzi za karatasi, mwanga unaacha kutawanyika, unapita. Futa yanayobaki kwa tishu ya choo. Usikaushe ndani ya gazeti, mafuta yanavuta wino wake na picha inachafuka. Ikae usiku mmoja, na usiitundike ukutani, itaacha doa.

Zile njia za kuyeyusha krayoni kwa pasi, ziache. Pasi ya makaa haipimiki joto, na watoto ni 32.

Mwalimu_Kondele (Kisumu)

Asanteni sana, nimeelewa kosa lilipo. Darasa lina madirisha pande za mashariki na kaskazini. Nitundike wapi? Na ningependa rangi zionekane sakafuni.

SanaaMikononi (Nakuru)

Mashariki. Kisumu mko karibu kabisa na ikweta, mstari wenyewe unapita Maseno, kwa hiyo saa sita jua liko juu ya paa na haliingii dirishani. Mashariki utapata mwanga mkali saa moja hadi saa tatu hivi asubuhi, watoto wakiwa darasani.

Kwa rangi za sakafuni, tishu haitakufaa. Inang'aa ukiitazama, lakini inatawanya mwanga, kivuli chake kina rangi hafifu. Kinachotupa rangi chini ni selofani, na maganda ya peremende yanayong'aa na kupitisha mwanga ni selofani tosha. Acha tundu moja la samaki, kwa mfano la kichwa, lizibwe na ganda hilo kwa selotepu pembeni tu, bila gundi katikati. Tandaza karatasi nyeupe sakafuni karibu na dirisha. Kama dirisha halina kioo, funga picha juu na chini kwa uzi kwenye nondo, upepo wa ziwani wa mchana utaichana ikining'inia juu peke yake.